Bustani Mbili za Chenonceau

Kasri la Chenonceau, katikati ya Ufaransa, limesimama ndani ya mto Cher, na mgeni hulifikia kwa kupita kati ya bustani mbili. Kushoto ni ya Diane de Poitiers, kulia ni ya Catherine de Médicis. Wengi huzitupia jicho tu, wakikimbilia vitanda vya kifalme na picha za ukutani. Wanajinyima mengi, kwa sababu ugomvi uliolipa kasri hili sura yake unaonekana hapo nje, kwenye udongo.

Mwaka 1547 mfalme Henri II alimzawadia kasri hilo Diane, kimada wake aliyemzidi umri kwa karibu miaka 20. Mkewe wa ndoa, Catherine, naye alikuwa akilitamani.

Diane alikuwa mtu wa kazi. Cher hufurika, kwa hiyo aliiinua bustani yake juu ya kuta nene za mawe ili maji yasiichukue, akapanda maua, mboga na miti ya matunda. Kisha akamwita msanifu Philibert de l'Orme amjengee daraja la kutoka kasrini hadi ng'ambo.

Julai 1559 Henri alifariki kwa jeraha la mkuki alilolipata katika mashindano ya kupigana juu ya farasi. Catherine hakuchelewa: alimlazimisha Diane aachie Chenonceau na kupokea kasri la Chaumont badala yake. Akatengeneza bustani yake mwenyewe, isiyofika hata nusu ya ile ya hasimu wake yenye mita za mraba 12,000, na juu ya daraja la Diane akajenga ukumbi wa karamu wenye urefu wa mita 60 na madirisha 18. Alikuwa na uwezo wote wa kulifuta jina la mwenzake. Bado bustani kubwa inaitwa ya Diane, na haki hiyo inamstahili.

Mjane aliyefuata, malkia Louise wa Lorraine, alikaa hapo katika eda isiyokwisha baada ya mumewe, Henri III, kuuawa mwaka 1589. Chumba chake kilipakwa rangi nyeusi.

Ukumbi ule wa karamu nao ulikuja kupata kazi nzito. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia familia ya Menier, matajiri wa chokoleti walionunua kasri mwaka 1913, iliugeuza hospitali, na majeruhi zaidi ya 2,000 wakatibiwa humo. Mwaka 1940 Cher ukawa mpaka: lango kuu la kasri lilikuwa upande uliotekwa na Wajerumani, mlango wa mwisho wa ukumbi ukifungukia eneo huru. Wapo waliookoa maisha yao kwa kutembea zile mita 60, juu ya nguzo alizozisimamisha Diane.