Chemchemi Zilizokuwa Kwenye Ramani: Funzo la Aberfan

Saa 3 na robo asubuhi, Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, watoto wa Shule ya Pantglas ndio kwanza walikuwa wameingia madarasani. Kijiji chao, Aberfan, kiko kusini mwa Wales, chini ya mlima ambako mgodi wa makaa ya mawe wa Merthyr Vale ulikuwa ukimwaga kifusi chake. Ghafla lundo namba 7 likaachia. Tope jeusi likateremka kwa kasi na kufunika shule pamoja na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Sasa tujiulize: lundo lililosimama miaka minane linaangukaje asubuhi moja tu?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1925 mhandisi Karl Terzaghi, aliyekuwa akifundisha Istanbul, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa sayansi ya udongo tunayoitumia hadi leo. Wazo lake kubwa ni rahisi. Chembe za udongo hushikana kwa sababu zinakandamizana, na mkandamizo huo ndio unaozaa msuguano. Maji yakijaa kwenye nafasi kati ya chembe, nayo husukuma, na hivyo kubeba sehemu ya uzito.

Chukua mfano. Mita 10 chini ya ardhi iliyojaa maji hadi juu, kila mita moja ya mraba inalemewa na tani 20 hivi. Maji peke yake yanabeba tani 10. Chembe zinabaki na tani 10 tu za kuzikandamiza, yaani nusu. Msuguano nao unashuka hivyo hivyo, wakati uzito unaovuta kifusi kushuka mteremko haujapungua hata kidogo. Si mchezo!

Ndiyo maana wahandisi hukokotoa kigezo cha usalama: nguvu inayoshikilia mteremko, gawanya kwa nguvu inayouvuta chini. Jibu likiwa 1, mteremko uko ukingoni. Kwa kawaida hutakiwa liwe 1.3 au 1.5, kutegemea ni nini kilichopo chini yake. Maji ya ardhini yakipanda, namba hiyo inashuka bila mtu yeyote kugusa kifusi.

Tukirudi Aberfan, lundo namba 7 lilianza kumwagwa mwaka 1958, juu ya chemchemi. Na chemchemi zenyewe hazikuwa siri: zilionekana kwenye ramani za serikali, na wanakijiji walizijua. Zaidi ya hapo, lundo lilikuwa likipokea mabaki laini sana yaliyotoka kwenye usafishaji wa makaa, ambayo yakilowa hugeuka uji. Lundo jingine palepale, namba 4, lilikuwa limeshaporomoka mwaka 1944. Miaka ya 1960 barua zilishaandikwa kuonya kuhusu tope nyuma ya shule.

Baada ya maafa, mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, Lord Robens, alidai kwamba chemchemi hizo hazikuwa zikijulikana. Tume chini ya Jaji Edmund Davies ilisikiliza ushahidi kwa siku 76, na mwaka 1967 ikaibebesha Bodi lawama. Hakuna aliyeshtakiwa. Kibaya zaidi, pauni 150,000 zilichotwa kwenye mfuko wa michango ya wahanga ili kulipia uondoaji wa malundo yaliyobaki. Pesa hizo zilirudishwa mwaka 1997, miaka zaidi ya 30 baada ya maafa.

Lakini kuna kilichobadilika. Sheria ya mwaka 1969 iliweka malundo ya migodi ya Uingereza chini ya ukaguzi. Leo, kwenye migodi inayosimamiwa vizuri, huwekwa pizomita, vifaa vinavyopima shinikizo la maji ndani ya mteremko. Hutobolewa pia mashimo ya kuchuruzisha maji kutoka kwenye kuta za shimo la mgodi, na rada huangalia ukuta ukisogea hata kwa milimita chache. Tarehe 10 Aprili 2013, kwenye mgodi wa Bingham Canyon huko Utah, Marekani, ukuta wenye zaidi ya tani milioni 100 uliporomoka. Vifaa vilikuwa vimeonyesha mapema kwamba unasogea, wafanyakazi wakaondolewa. Hakuna hata mmoja aliyeumia.

Kati ya Terzaghi na Aberfan ilipita miaka 41. Kanuni ilikuwepo vitabuni, chemchemi zilikuwepo kwenye ramani, na wenyeji walikuwa wameshasema. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuviweka vyote mezani pamoja, na mwenye mamlaka ya kusema: basi, msimwage hapa tena. Kwa hiyo ukisikia mgodi wowote unatangaza kwamba mteremko wake ni salama, uliza maswali mawili: maji yako kina gani, na nani anayapima?