Nani anauza mitambo ya kuzika hewa ukaa? Historia ya soko lililojengwa na sheria

Kule Rungwe, mkoani Mbeya, kuna hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini kwa sababu ya asili ya volkano ya eneo lile. Inanaswa, inasafishwa, inajazwa kwenye matangi na kuuzwa kwa watengeneza soda. Yaani ni bidhaa kama bidhaa nyingine: anayeihitaji analipa.

Sasa igeuze biashara hiyo kichwa chini miguu juu. Katika Bahari ya Kaskazini kuna kampuni zinazolipa ili hewa hiyohiyo irudishwe chini ya mwamba na isitoke tena. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita kunasa na kuhifadhi kaboni. Hapa sitajadili kama itaokoa tabianchi au la. Naangalia swali dogo zaidi ambalo wanafunzi wa uhandisi huniuliza mara kwa mara: nani anauza hiyo mitambo, na kwa nini wauzaji wakubwa wanatoka nchi chache tu?

Jibu la haraka ni "wana teknolojia". Historia haikubaliani nalo sana.

Kemia ni ya zamani

Njia inayotumika zaidi ni hii: moshi unapitishwa kwenye mnara mrefu ambamo kimiminika chenye amini kinanyunyizwa. Amini inaishika hewa ukaa na kuuacha moshi uende zake. Kisha kimiminika hicho kinapashwa moto hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi, kinaiachia ile hewa, halafu kinarudi kazini. Hataza ya njia hii ilitolewa Marekani mwaka 1930, kwa jina la R. R. Bottoms. Kwa hiyo kemia yenyewe inakaribia miaka 100. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mtu wa kulipa bili.

Wateja watatu wa kwanza

Mteja wa kwanza alikuwa mafuta. Mwaka 1972, magharibi mwa Texas, kampuni za mafuta zilianza kusukuma hewa ukaa kwenye uwanja unaoitwa SACROC ili mafuta yaliyobaki mle chini yalegee na kutoka. Hakuna aliyewaza tabianchi. Ila mabomba, kompresa na valvu za kuhimili hewa ukaa yenye shinikizo kubwa zilipata soko, na wazabuni wa Marekani wakapata uzoefu ambao wengine hawakuwa nao.

Mteja wa pili alikuwa kodi. Mwaka 1991 Norwei iliweka kodi ya hewa ukaa iliyozigusa pia kampuni za mafuta na gesi baharini. Gesi ya eneo la Sleipner ilikuwa na hewa ukaa karibu asilimia 9, wakati wanunuzi walitaka isizidi asilimia 2.5. Kuitoa ilikuwa lazima. Ishu ilikuwa uipeleke wapi: ukiiachia angani, unalipa kodi. Statoil ikaamua kuirudisha chini, na tangu 1996 karibu tani milioni 1 kwa mwaka zilikuwa zinasukumwa kwenye mwamba wa mchanga wa Utsira, chini ya sakafu ya bahari. Wahandisi walirudi tena na tena kupima kwa mawimbi ya mtetemo waone hewa imetambaa hadi wapi. Ujuzi huo nao ni bidhaa, hata kama haupakiwi kwenye kontena.

Mteja wa tatu alikuwa mbolea. Mitsubishi Heavy Industries na kampuni ya umeme ya Kansai walianza utafiti wao Japani mwaka 1990. Hawakusubiri dunia ikubaliane kuhusu tabianchi. Walitafuta nani anahitaji hewa ukaa leo, wakawakuta watengeneza urea. Mtambo wao wa kwanza wa kibiashara ulianza kazi Malaysia mwaka 1999, kwenye kiwanda cha mbolea. Kutoka hapo wakapanda ngazi hadi mradi wa Petra Nova, Texas, uliowekwa kwenye kituo cha umeme wa makaa ya mawe na kuanza kazi mwaka 2017. Angalia ulivyogharamiwa: kampuni ya Kijapani ilikuwa mmoja wa wamiliki, na benki ya serikali ya Japani ilitoa mkopo. Muuzaji alifika sokoni akiwa na mkopo wa mteja mkononi.

Lakini hata hapo palikuwa na mtego. Hewa ya Petra Nova ilikwenda kusukuma mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2020, mtambo ukasimama, hadi 2023. Mteja mmoja akikohoa, mzabuni mzima anaugua.

Nchi iliyokuwa na kila kitu

Kama teknolojia peke yake ingetosha, Uingereza ingekuwa mbele kabisa. Ina visima vya gesi vilivyokwisha, mafundi wa baharini, vyuo, na benki. Serikali ilitangaza shindano la mradi wa kwanza mwaka 2007. Mwaka 2011 mradi uliobaki, wa kituo cha Longannet huko Scotland, ukafa. Likaja shindano la pili, likiwa na pauni bilioni 1. Novemba 2015, wiki chache kabla ya Mkataba wa Paris, fedha hizo zikaondolewa. Miradi ya Peterhead na White Rose ikabaki kwenye makaratasi.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye karakana ya valvu. Kuandaa tenda kunagharimu: michoro, vipimo, vyeti, mafundi wa kuchomelea waliopelekwa mafunzo. Mradi ukifutwa, hakuna anayekurudishia. Na kwenye tenda ya nje, swali la kwanza utakaloulizwa ni "umeshafunga wapi?" Huna jibu. Oktoba 2024 serikali ilirudi na ahadi ya hadi pauni bilioni 21.7 kwa miaka 25, kwa miradi ya Teesside na Merseyside. Fedha zinaweza kurudi. Miaka 17 hairudi.

Bahari nayo ina sheria

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho wengi hawakijui. Itifaki ya London, inayohusu utupaji wa taka baharini, ilikataza kusafirisha taka kwenda nchi nyingine ili zitupwe baharini, na katazo hilo liligusa hata hewa ukaa ya kuzikwa chini ya bahari. Marekebisho ya kuiruhusu yalipitishwa mwaka 2009, lakini nchi zilizoridhia hazikufika idadi inayotakiwa. Ilibidi mwaka 2019 yakubalike makubaliano ya kuyatumia kwa muda, kwa pendekezo la Norwei na Uholanzi.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2025 kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwei, kilizindua mtambo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, na mradi wa Northern Lights ukaanza kusukuma hewa ukaa kama kilomita 2.6 chini ya sakafu ya bahari. Sasa angalia nani alipata kazi. Mtambo wa Brevik ulitoka kwa kampuni ya Norwei, ambayo baadaye hisa zake nyingi zilinunuliwa na SLB, kampuni kubwa ya huduma za mafuta. Meli za kubebea zilijengwa Dalian, China. Nchi iliyotunga sheria haikupata kila zabuni, ila bila sheria yake kusingekuwa na zabuni ya kugombania.

Na huku kwetu?

Katika Bonde la Ufa, Kenya, kampuni changa zimeanza kujaribu mashine za kunasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani, zikitegemea jotoardhi. Ni habari njema, na vijana wanaozijenga wanastahili pongezi. Ila mnunuzi wao mkuu ni kampuni za ng'ambo zinazonunua hati za kaboni kwa hiari, na hiari ya leo inaweza isiwepo kesho. SACROC ilikuwa na mafuta, Sleipner ilikuwa na kodi, Malaysia ilikuwa na mbolea. Kabla ya kuuliza mashine yetu inanasa tani ngapi, tuulize nani analazimika kulipa, na kwa miaka mingapi.