Ardhi ya Fidia: Askari Mlemavu kati ya Kericho na Kanyaruchinya

Kanyaruchinya iko kaskazini mwa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Kibati na Rutshuru, katika uchifu wa Bukumu ulio ndani ya teritwari ya Nyiragongo, na ardhi yake ni ya mawe meusi ya volkano ambayo hata hivyo hugombaniwa kwa sababu mji unaikaribia kila mwaka. Kwa kuwa majeshi yamepita hapa tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, swali la mahali atakapojenga askari aliyepoteza mguu au macho ni kongwe kuliko dola huru ya Kongo, na jibu lake limetegemea daima mambo mawili: askari huyo alikuwa nani machoni pa serikali, na ardhi ya kumpa ingetoka mikononi mwa nani.

Kati ya 1914 na 1916 Force Publique, yaani jeshi la kikoloni la Ubelgiji lililokuwa na askari Waafrika chini ya maofisa Wazungu, lilikabiliana na Wajerumani waliokuwa Gisenyi, na Kibati ikawa mojawapo ya kambi zake. Mwaka 1916, chini ya Jenerali Charles Tombeur, jeshi hilo liliingia Rwanda, kisha likaiteka Tabora tarehe 19 Septemba, likisaidiwa na wapagazi wengi waliobeba vyakula na risasi mahali ambapo gari halikuweza kupita.

Vita hivyohivyo vilizaa upande wa Kenya mpango ulio wazi kuliko wote wa kumlipa askari kwa ardhi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitenga ekari zipatazo milioni mbili kwa wanajeshi Wazungu waliostaafu, na mashamba yakagawanywa kwa kura jijini Nairobi. Sehemu moja ya mpango huo iliwahusu maofisa walemavu: walipewa takriban ekari 25,000 karibu na Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, ili waishi kwa ushirika na kulima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa kuwa nguo. Haieleweki kwa urahisi ni nani aliyefikiri kwamba watu wenye majeraha mazito wangefaulu katika zao ambalo lilihitaji mikono mingi na soko la uhakika, maana bei ya kitani ilipoporomoka baada ya mwaka 1920 ushirika wao ulivunjika, na baadaye ardhi ya eneo hilo ikaishia kwa kampuni kubwa za chai. Wakipsigis hawakurudishiwa, na madai yao yamebaki hadi karne hii. Askari Waafrika wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, na wapagazi wa Carrier Corps, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa, hawakuwekwa katika kura hiyo, ingawa vilema wao hawakuwa wachache.

Kivu, eneo la Kongo lenye Goma, haikukosa ugawaji wa ardhi, ila haukufanywa kwa kuangalia majeraha. Mwaka 1928 Ubelgiji iliunda Comité National du Kivu, chombo kilichokabidhiwa maeneo makubwa ili kuyagawia walowezi na kampuni, na watu wa vijiji wakabaki na haki za kimila ambazo hazikuandikwa popote.

Uhuru wa Kongo haukuondoa tatizo hilo, pengine uliliimarisha. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa isiyoweza kuuzwa, na kwamba raia anaweza kupata tu konsesheni, yaani haki ya kutumia, ambayo kwa Mkongo huwa ya kudumu inapothibitishwa kwa cheti cha usajili. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za jamii juu ya ardhi wanazokalia kimila zingepangwa kwa amri ya rais, lakini kwa miongo kadhaa amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo parseli, yaani kiwanja cha kujengea, inaweza kununuliwa kwa karatasi ya chifu na bado isiwe imara mbele ya mahakama, na askari mlemavu asiye na fedha za kupima na kusajili hubaki nje ya ulinzi ambao cheti humpa mwingine.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu, na sheria ya 3 Mei 2022 imefafanua haki za watu hao wote. Hizi ni haki za raia mlemavu kwa ujumla. Parseli ni jambo la sheria ya ardhi, na hapo kinachohitajika si ulemavu bali cheti. Kanyaruchinya imeonyesha ugumu huo waziwazi: mwaka 2012 wakimbizi wa vita vya waasi wa M23 walipiga kambi hapo, Julai 2013 jeshi la taifa lilipigana na waasi hao katika eneo hilo, kambi ikajaa tena tangu 2022, kisha ikaondolewa mapema mwaka 2025 baada ya Goma kutekwa. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 22 Mei 2021 nao ulifunika nyumba na mipaka ya viwanja katika vijiji vya kaskazini mwa mji. Serikali yoyote itakayotaka kuwapa askari vilema viwanja hapa itakuta kila jiwe lina mwenye kulidai, awe mkulima wa Bukumu, mnunuzi kutoka mjini au mkimbizi aliyezika ndugu zake humo, na isipowalipa hao kwanza itakuwa imerudia ya Kericho kwa askari wa rangi nyingine.