Fahamu Ukumbi wa Umaarufu wa soka England: Kipa wa Accra aliyezikwa bila jiwe na winga aliyenyimwa viwanja

Machi 1, 2020, Mbwana Samatta aliunganisha krosi kwa kichwa pale Wembley, mpira ukazama wavuni. Aston Villa ilifungwa 2-1 na Manchester City katika fainali hiyo ya Kombe la Ligi, lakini Watanzania walikuwa na la kusimulia kesho yake. Miaka saba kabla, Wakenya nao walikuwa wamefurahi Victor Wanyama alipotua Southampton.

Ila Mwafrika wa kwanza kulipwa kucheza soka England hakuwa wa zama za televisheni. Alikuwa kipa, alizaliwa Accra mwaka 1865, na kwa zaidi ya miaka 60 kaburi lake halikuwa hata na jina. Leo jina hilo lipo kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa soka la England, pamoja na la mwanamke aliyejaza uwanja kuliko klabu nyingi za wanaume, halafu wakubwa wa soka wakamfungia milango.

Huu ni ukumbi gani?

Kwanza tuweke mambo sawa, maana wengi wanachanganya. Ule unaosikika sana mitandaoni ni wa Ligi Kuu England (EPL). Ulianza mwaka 2021 kwa Alan Shearer na Thierry Henry, na mwaka uliofuata Didier Drogba akaingia. Huo unahesabu kuanzia 1992 tu, ligi ilipobadilishwa jina na mfumo. Kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanacheza bao.

Tunaouzungumzia hapa ni wa Makumbusho ya Taifa ya Soka, na wenyewe unarudi nyuma hadi karne ya 19. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 2001 mjini Preston, kwenye Uwanja wa Deepdale, nyumbani kwa Preston North End. Mwaka 2012 yakahamia katikati ya jiji la Manchester. Mji huo wa Preston ukae kichwani, tutarudi kwake.

Wanaochagua ni jopo la watu wa mpira, wakiwemo wachezaji wa zamani na wanahistoria. Mhusika awe amestaafu au ametimiza miaka 30, na awe amecheza au kufundisha England kwa miaka isiyopungua mitano. Uraia si kigezo. Ndiyo maana Mfaransa Eric Cantona, Mwelisi John Charles na George Best wa Ireland Kaskazini waliingia siku ya kwanza kabisa. Baadaye aliingia hata Bert Trautmann, Mjerumani aliyeletwa England kama mateka wa Vita vya Pili vya Dunia, akawa kipa wa Manchester City na kumaliza fainali ya FA ya 1956 akiwa amevunjika mfupa wa shingo.

Kundi la kwanza la mwaka 2002 lilikuwa na watu 29. Wachezaji wa kiume 22, kina Bobby Moore, Bobby Charlton na Dixie Dean, yule aliyefunga mabao 60 ya ligi katika msimu mmoja wa 1927-28. Makocha sita, kina Bill Shankly, Brian Clough na Alex Ferguson, ambaye wakati huo alikuwa bado anaendelea na kazi Old Trafford.

Na mwanamke mmoja. Mmoja tu.

Lily Parr, mguu wa kushoto uliotisha

Alizaliwa mwaka 1905 huko St Helens, mji wa wafanyakazi karibu na Liverpool. Akiwa na umri wa miaka 14 tayari alikuwa amechukuliwa na Dick, Kerr Ladies, timu ya wasichana wa kiwanda kimoja cha Preston. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza silaha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wengi wakiwa vitani, na mabinti walianza kupiga mpira muda wa mapumziko. Mechi yao ya kwanza kubwa waliicheza siku ya Krismasi mwaka 1917 palepale Deepdale, mapato yakaenda kwa majeruhi wa vita.

Parr alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa habari nyingine. Inasimuliwa kuwa kipa mmoja mwanamume alimtania kwamba hawezi kumfunga, akapigwa shuti lililomvunja mkono. Iwe kweli au imetiwa chumvi, hakuna aliyewahi kusema shuti zake zilikuwa laini.

Desemba 26, 1920, timu yake ilicheza Goodison Park, uwanja wa Everton. Ndani waliingia watu wapatao 53,000 na maelfu wengine wakabaki nje. Hapo fikiria hakuna televisheni, hakuna tangazo la simu. Watu walitoka majumbani siku ya pili ya Krismasi kwenda kuwaona mabinti wa kiwandani.

Kilichofuata kinauma. Desemba 5, 1921, Chama cha Soka England (FA) kilipiga marufuku klabu zake kuwapa wanawake viwanja. Sababu rasmi zilikuwa mbili: eti mpira haumfai mwanamke, na eti fedha za hisani zilikuwa zinaliwa kwenye gharama. Wapo wanahistoria wanaoona sababu halisi ilikuwa wivu, kwamba mabinti walikuwa wanavuta watu kuliko baadhi ya timu za ligi. Ukitazama idadi ile ya Goodison, ni vigumu kuwabishia.

Marufuku ile ilidumu karibu miaka 50, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Parr hakuisubiri. Mwaka 1922 alikwenda na timu Marekani na huko wakakutana na timu za wanaume. Aliporudi aliendelea kucheza kwenye viwanja vya raga na vya mitaani, huku akifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Preston. Alitundika daluga mwaka 1951. Alifariki mwaka 1978, kwa hiyo aliona marufuku ikiondolewa, ila heshima ya Ukumbi ilimkuta akiwa kaburini miaka 24.

Baada yake waliingia Hope Powell mwaka 2003, aliyekuwa kocha wa England wakati huo, na Sue Lopez mwaka 2004.

Arthur Wharton, kipa mwenye mbio

Mwaka uleule wa Powell ndipo alipoingia mtu wa Accra. Arthur Wharton alizaliwa Jamestown, mtaa wa kale wa jiji hilo, enzi Ghana ikiitwa Gold Coast. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Grenada, mama yake alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante. Alipelekwa England akiwa kijana ili asomee kazi ya dini. Akaishia viwanjani.

Kwanza aliwika kwenye riadha. Mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili katika mashindano ya taifa yaliyofanyika Stamford Bridge. Ndiyo, Stamford Bridge hiihii. Chelsea ilikuwa bado haijazaliwa, ingeanzishwa mwaka 1905.

Msimu wa 1886-87 alidaka Preston North End na kufika nao nusu fainali ya Kombe la FA. Udakaji wake ulikuwa wa madoido: anachuchumaa pembeni ya goli kama hayupo, kisha anachomoka ghafla. Inasimuliwa kuwa aliwahi kuning'inia kwenye mwamba na kuubana mpira kwa miguu. Mashabiki walipenda. Mwandishi mmoja wa michezo hakupenda, akamkejeli kwa rangi ya ngozi yake na kudai golini si mahali pa mchezo wa aina hiyo.

Mwaka 1889 alisaini Rotherham Town kwa malipo, na hapo ndipo akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa duniani anayejulikana katika kumbukumbu za soka. Baadaye alipita Sheffield United na timu nyingine kabla ya kustaafu mwaka 1902. Mpira wa wakati ule haukuacha akiba. Alimalizia maisha akiwa kibarua katika mgodi wa makaa ya mawe, akafariki Desemba 1930 huko Edlington, Yorkshire, na kuzikwa kaburi la kimaskini lisilo na jiwe.

Hakuibuliwa na FA, wala na klabu alizodakia. Waliomtafuta ni watu wa Sheffield wa kampeni ya kupinga ubaguzi iitwayo Football Unites, Racism Divides, pamoja na mwanahistoria Phil Vasili aliyepekua maisha yake. Mwaka 1997 kaburi likawekwa jiwe. Miaka sita baadaye Ukumbi ukafungua mlango.

Sasa rudi Preston. Wharton alidaka huko, na miaka zaidi ya 30 baadaye timu ya Parr ikaanzia huko, Deepdale. Uwanja huohuo ndio ulioyapokea makumbusho yalipofunguliwa, na ndipo yalipokuwa wote wawili walipoorodheshwa.

Parr sasa ana sanamu Manchester, iliyozinduliwa mwaka 2019. Ya Wharton imesimama tangu 2014 St George's Park, kituo ambako timu za taifa za England hufanyia mazoezi. Imemchora akiwa hewani, anaupangua mpira.