Jinsi ya kuchagua matairi: Majaribio ya Ulaya na jua la Mombasa

MVUA za masika zinapofika kilele chake mwezi wa Mei, maji hutuama katika barabara za kisiwani Mombasa na mteremko wa kuingilia feri pale Likoni huteleza kana kwamba umepakwa sabuni. Huo ndio wakati ambapo wenye magari wengi huzinduka na kutambua kuwa matairi yao yamekuwa vipara. Wakifika dukani, swali la kwanza huwa bei, na mara nyingi ndilo huwa la mwisho pia. Muuzaji hutaja majina matatu au manne, mawili kati yake hayajapata kusikika, na mnunuzi huondoka na lile lililo nafuu.

Zamani uamuzi huo ulikuwa mwepesi kidogo. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na kiwanda chake cha matairi jijini Nairobi, chini ya kampuni iliyojulikana kama Firestone East Africa hadi 2005 ilipobadili jina na kuitwa Sameer Africa, wenye matairi ya Yana. Uzalishaji katika kiwanda hicho ulikomeshwa 2016 na kazi hiyo ikahamishiwa ng'ambo. Sasa mnunuzi anategemea bidhaa zinazoshushwa Kilindini kutoka nchi nyingi, zenye majina mengi. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilianzisha mwaka wa 2005 mpango wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Hata hivyo, ukaguzi wa namna hiyo huthibitisha kiwango cha chini tu. Haumwambii mtu ni lipi kati ya matairi mawili yaliyofaulu litakalosimamisha gari mapema mtoto anapochomoka ghafla kutoka kichochoro cha Ndia Kuu.

Swali hilo hujibiwa na majaribio huru. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilichoasisiwa 1903, hupima matairi kila mwaka na kuchapisha matokeo. Mashirika ya kutetea wanunuzi, kama Stiftung Warentest la nchi hiyo hiyo na Consumer Reports la Marekani, nayo hutoa taarifa zao. Uzito wa kazi yao unatokana na jambo moja: matairi hununuliwa madukani kama anavyonunua mteja yeyote, badala ya kupokewa kama zawadi kutoka kiwandani. Kisha hufungwa kwenye magari ya aina moja, yakaendeshwa na kushikiwa breki katika barabara kavu na yenye maji, yakapimwa kelele, matumizi ya mafuta na kasi ya kulika. Tangu 2023 ADAC imegawa alama zake hivi: asilimia 70 kwa usalama wa uendeshaji, na asilimia 30 kwa athari za kimazingira, ambazo ndani yake mna umri wa tairi barabarani.

Anayesoma matokeo hayo akiwa Mombasa aanze na safu ya breki kwenye maji, aipe uzito kuliko alama ya jumla. Barabara kavu haitofautishi sana tairi zuri na baya. Maji ndiyo yanayolifichua. Umoja wa Ulaya ulilazimisha karatasi ya alama kubandikwa kwenye matairi mapya kuanzia Novemba 2012, na ikaboreshwa Mei 2021, ambapo madaraja sasa ni kuanzia A hadi E. Inaonyesha matumizi ya mafuta, uwezo wa kusimama kwenye maji na kelele. Baadhi ya matairi yanayofika kwetu huwa bado yana karatasi hiyo, na muuzaji akiwa ameshaibandua, si vibaya kumwuliza iko wapi.

Hata hivyo, majaribio ya Ulaya yana mipaka. Kwanza, matokeo ni ya kipimo kimoja cha tairi. Tairi lililoshinda kwa ukubwa wa 205/55 R16 halijathibitishwa kuwa mshindi kwa 175/65 R14, hata kama jina ni lile lile. Pili, magari ya majaribio hayabebi magunia ya viazi juu ya abiria saba. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, matairi hayo hayajaegeshwa miaka mitatu juani Ganjoni. Joto, jua na hewa huikausha raba kutoka ndani na kuipasua nje, na hakuna jaribio la wiki chache linaloweza kuuonyesha mwaka wa nne wa tairi katika mji wa pwani.

Pengo hilo huzibwa kwa kiasi fulani na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi lenyewe. Matairi ya magari madogo yanayotengenezwa kuuzwa Marekani huwa na maneno matatu: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza ni nambari ya ustahimilivu, ikilinganishwa na tairi la kigezo lenye 100. Nambari hii hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hivyo inafaa kulinganisha matairi ya kampuni moja; kulinganisha kampuni mbili kwa nambari hiyo ni kujidanganya. La pili, kwa herufi AA, A, B au C, ni uwezo wa kusimama kwenye lami na saruji yenye maji. La tatu ndilo ambalo mkazi wa pwani hapaswi kulipita: herufi A, B au C huonyesha jinsi tairi linavyostahimili joto linalozaliwa na mwendo, na C ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na sheria ya huko. Anayekwenda Nairobi kupitia Voi na Mtito Andei mchana wa Februari, gari limejaa, ana sababu ya kutafuta A.

Tairi lisilo na maneno hayo si lazima liwe bovu, kwani huenda lilitengenezewa soko jingine. Lakini yapo yanayokosa alama hizo kwa sababu ni matairi ya theluji, na hapa pana tatizo ambalo Mombasa inalijua vyema. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, na baadhi hufika Kilindini yakiwa yamevaa matairi ya majira ya baridi. Kwa macho yanapendeza: mifereji ni mirefu, raba ni laini. Ulaini huo umekusudiwa barafu. Juu ya lami yenye joto ya Mombasa, raba hulika upesi, gari huyumba katika kona na breki huchelewa. Dalili zake ni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na vikato vyembamba vingi vilivyokatiza uso wa tairi. Matairi kama haya yakishavuliwa magarini huuzwa tena kama mitumba kwa sifa ya kuwa "ya Japani, bado mapya". Ni ya Japani kweli.

Kipimo cha mzigo ni jambo jingine ambalo wauzaji hulipitia juujuu. Katika maandishi 195/65 R15 91V, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, R ni muundo wa nyuzi na 15 ni inchi za ringi. Nambari 91 humaanisha kuwa tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na herufi V kwamba linavumilia mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Hakuna anayehitaji kasi hiyo kwenye barabara ya Nyali; kinachohitajika ni mzigo. Gari la abiria la aina ya Hiace kwa kawaida hutakiwa kuwa na tairi la 195/80 R15 lenye kipimo 107/105, yaani kilo 975 kwa tairi moja. Mwenye matatu anayefunga tairi la gari dogo kwa sababu tu linaingia kwenye ringi amepunguza uwezo huo kwa zaidi ya thuluthi, na abiria hawana habari. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi jipya laweza kuzidi nambari hiyo, kamwe lisipungue.

Kisha kuna umri. Tafuta herufi DOT, na mwishoni mwa mfululizo wake nambari nne: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2021. Zikiwa tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000 na halifai kwa lolote isipokuwa akala. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka sita hata kama mifereji ingalipo. Kampuni za matairi kama Michelin hutaja miaka 10 kuwa kikomo, likikaguliwa kila mwaka kuanzia wa tano. Kwa joto la pwani, busara ni kuufuata ushauri wa kwanza. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka minne limekwisha kula sehemu kubwa ya umri huo kabla hujalilipia, nawe una haki ya kudai bei ipunguzwe au uletewe jingine. Nambari hizo huandikwa upande mmoja tu wa matairi mengi, kwa hivyo mwambie fundi aligeuze.

Ushuhuda wa watumiaji una nafasi yake, nayo si ndogo. Mwaka wa 1998 mtafiti wa kampuni ya bima ya State Farm nchini Marekani aliiarifu idara ya usalama barabarani, NHTSA, kuhusu visa 21 vya matairi ya Firestone kuambuka uso wake, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Hakuna kilichofanyika. Mwaka wa 1999 Ford ilikuwa tayari inabadilisha matairi ya wateja wake Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, ambako joto ni kali. Malalamiko yalipozidi Marekani kwenyewe, uchunguzi ulifunguliwa Mei 2000, na Agosti mwaka huo matairi takriban milioni 6.5 yakaagizwa yarudishwe. NHTSA ilihusisha kasoro hiyo na vifo 271. Matairi hayo yalikuwa yametimiza viwango vya serikali. Yaliumbuliwa na joto, mwendo, mzigo na upepo mdogo, na waliotangulia kuyajua ni waliokuwa wakiyatumia.

Lakini si kila sifa ni ushahidi. Mtu aliyetoka kuvua matairi vipara atasifu chochote alichofunga, kwa kuwa lolote litakuwa kimya na imara kuliko lile la jana. Maoni ya wiki ya kwanza yapuuzwe. Sikiliza anayetaja kilomita, gari na barabara, na utafute malalamiko yanayojirudia kwa watu wasiojuana: ubavu kutoka uvimbe, uso kulika upande mmoja, upepo kupungua bila pancha. Mapungufu mengine si ya tairi. Hewa ya chumvi hutia kutu ringi za chuma, na upepo ukapenya ukingoni, kosa likatwikwa jina la kampuni.

Shahidi bora Mombasa ni dereva wa teksi. Kwa miezi michache hukamilisha kilomita ambazo mwenye gari la nyumbani huzimaliza kwa mwaka, tena kwenye mashimo na matuta yale yale. Katika Mji wa Kale, ambako vichochoro vinapishana kwa shida na tuktuk ndiyo mfalme, ushuhuda wa madereva ndio wote uliopo: tairi dogo la 4.00-8 halimo katika orodha za majaribio za ADAC. Mwulize dereva amelifunga lini, limetembea kiasi gani na, zaidi ya yote, kama angelinunua tena kwa pesa zake.

Majibu hayo ndiyo yanayowezesha hesabu ya bei. Tuchukue mfano wa tairi la Sh6,000 linalodumu kilomita 25,000, na jingine la Sh10,000 linalodumu kilomita 50,000. La kwanza linagharimu senti 24 kwa kilomita, la pili senti 20, na bado hujalipa fundi mara mbili. Hesabu hii hupinduka kwa mtu anayetembeza gari Jumapili tu kutoka Tudor hadi Kizingo. Kwake tairi litazeeka kabla ya kulika, na kudumu sana ni sifa anayoilipia bure. Huyo anunue breki nzuri kwenye maji na tarehe mpya.

Kuhusu wakati wa kubadilisha, ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vyenye urefu wa milimita 1.6, ambao ndio mpaka wa kisheria barani Ulaya. Uso ukilingana navyo, tairi limekwisha. Wapimaji wengi hushauri usingoje hapo bali ubadilishe kwenye milimita tatu, kwa sababu mifereji mifupi hushindwa kuyatoa maji na gari likaanza kuelea. Kuchongesha mifereji upya kwenye tairi la gari dogo, ufundi ambao bado una wateja, huifikia nyuzi na kulidhoofisha tairi pasipoonekana.

Anayemudu mawili tu ayafunge nyuma, ingawa mafundi wengi watamwambia mbele. Magurudumu ya mbele yakiteleza, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na akapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka kabla hajajua kilichotokea. Baada ya hapo upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea wala kuota jua, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, na spea ipimwe pamoja na mengine. Nayo ina tarehe yake ubavuni, na katika magari mengi yaliyotumika ndiyo tairi pekee lililokuja nalo gari tangu kiwandani.