Makaburi ya Waislamu wa Ross

Waislamu waliohamia Marekani kutoka nchi ya Sham, zama ilipokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, hawakukaa wote mijini. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikundi kimoja kilifuata ardhi hata Ross, kijiji kidogo cha jimbo la North Dakota. Miongoni mwao alikuwamo Hassen Juma. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, kwa sharti la kukaa juu yake miaka 5, kujenga nyumba na kulima.

Nchi hiyo ni uwanda mtupu, na baridi yake huigandisha ardhi ikawa kama jiwe. Kwa miaka mingi sala ya jamaa ilisaliwa majumbani, na kwa sala hilo latosha, kwani ardhi yote imefanywa msikiti. Lakini maiti haazimiwi sebule. Hutaka mahali pake pa kudumu, na kumzika ni faradhi juu ya walio hai.

Mwaka 1929 walijenga msikiti, mmoja wa misikiti ya kwanza iliyojengwa Marekani kwa kusudi hilo. Ulikuwa jengo dogo, nusu yake imezama ardhini. Na karibu nao yapo makaburi yao. Haukupita muda, dhiki ya uchumi na ukame wa miaka ya 1930 vikawatawanya wengi. Watoto wakakulia katika Kiingereza, na baadhi yao wakaoa na kuolewa nje ya dini. Safu zikapungua, na mwishoni mwa miaka ya 1970 msikiti ukabomolewa.

Makaburi yakabaki. Aliyetaka kujua kama Waislamu waliwahi kulima hapo aliyasoma majina yao juu ya mawe. Mwaka 2005, kwa juhudi za wazao, msikiti mdogo wenye kuba ulisimamishwa hapo, na mwaka 2018 makaburi yaliandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria.

Jumuiya nyingi huchanga fedha za msikiti kwa furaha, na za makaburi kwa kusukumana. Habari ya Ross yatosha kuwa onyo: huko, msikiti ulipoanguka, waliolinda jina la Uislamu ni wafu. Basi ua wa makaburi na daftari la waliozikwa ni amana kama ulivyo msikiti. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape walio hai moyo wa kuitunza amana hiyo. Amin.