Tabasamu la Jack Johnson

Tarehe 26 Disemba 1908, katika uwanja wa Rushcutters Bay mjini Sydney, polisi waliingilia pambano la masumbwi lililokuwa limefika raundi ya kumi na nne, wakaamuru lisimame, na wapiga picha za sinema nao wakaamriwa kuzima mitambo yao, ili mwisho wa Tommy Burns wa Kanada, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mbele ya Jack Johnson, mtu mweusi wa Galveston katika jimbo la Texas, usionwe na macho mengine ila yale yaliyokuwapo uwanjani. Burns alilipwa dola 30,000 ndipo akakubali kupigana. Johnson alipata 5,000. Muda wote wa pambano Johnson alitabasamu, meno yake yaliyovikwa dhahabu yakimeremeta juani, akalijibu kila tusi la Burns kwa dhihaka, akaongea na waliokaa kando ya ulingo kama mtu aliyekaribishwa barazani kwao. Mwandishi Jack London, aliyekuwapo kwa niaba ya gazeti la New York Herald, alikhitimisha habari yake kwa kumsihi Jim Jeffries, bingwa wa zamani aliyestaafu bila ya kushindwa, atoke katika shamba lake la majani ya mifugo, arudi ulingoni akaliondoe tabasamu lile usoni pa Johnson.

Ombi hilo lastahili kuzingatiwa. London hakumwambia Jeffries arudishe mkanda, wala hakudai kwamba Johnson alivunja kanuni yoyote ya mchezo. Alichotaka kiondolewe ni tabasamu.

Sisi wa pwani, tuliokulia katika ngoma za mashindano na mashairi ya kujibizana, twajua ya kuwa tambo ni mwenziwe mchezo, na ya kuwa mshindani asiyejisifu huonekana kama aliyekuja uwanjani kwa kulazimishwa. Masumbwi ya Marekani nayo yalikuwa na desturi hiyo tangu zamani. John L. Sullivan, aliyeshika ubingwa kutoka mwaka 1882 hadi 1892, alizunguka nchi nzima akiahidi fedha kwa yeyote atakayeweza kusimama mbele yake raundi nne, akajinaki katika vilabu vya pombe kwamba hakuna mwanamume asiyemmudu, na umma ukampenda kwa sababu hiyo hiyo, ukayaona majigambo yake kuwa ni bashasha ya shujaa. Lakini huyo huyo aliyewaita watu wote waje alikataa katakata kupigana na mtu mweusi.

Aliyedhulumiwa zaidi na katazo hilo ni Peter Jackson, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix, aliyepata ubingwa wa Australia mwaka 1886. Ikiwa kweli kosa la Johnson lilikuwa ukosefu wa adabu, basi Jackson angalipaswa kufunguliwa milango yote, kwani wote waliomjua walimsifu kwa upole, murua na usemi wa staha. Mwezi wa Mei 1891, mjini San Francisco, alipigana na James J. Corbett raundi 61, hata wote wawili wakawa hawawezi tena kuinua mikono, na refa akalivunja pambano pasipo mshindi. Mwaka uliofuata Corbett alipewa nafasi ya kupigana na Sullivan, akawa bingwa. Jackson hakupewa, akafariki mwaka 1901 kwa kifua kikuu huko Queensland. Mimi kila niisomapo habari yake nashikwa na huzuni isiyotaka kuondoka, maana mtu yule alilipa adabu yote aliyodaiwa, na hakupata hata stakabadhi.

Johnson, aliyezaliwa mwaka 1878 na wazazi waliopata kuwa watumwa, alishika njia nyingine. Alimwandama Burns kwa miaka miwili, kutoka Marekani hadi Uingereza na kutoka Uingereza hadi Australia, akimwita kwa sauti kila alipokwenda, mpaka ikawa aibu kwa Burns kuendelea kumkimbia. Na ulingoni hakuwa mtu wa vurugu, kama wengi walivyopenda kumsawiri. Ufundi wake ulikuwa wa kujikinga: alizidaka ngumi za mwenziwe kwa viganja kabla hazijafika, akamvuta mshindani karibu akaishika misuli ya mikono yake isipate nguvu, kisha akampiga kutoka chini alipokuwa akihangaika kujinasua. Katika ufundi wa namna hiyo maneno nayo ni silaha, kwa kuwa mtu aliyehamaki hupiga ovyo, na apigaye ovyo hujileta mwenyewe.

Jeffries aliitika wito. Alikuwa amenenepa, ikambidi apunguze ratili zipatazo mia moja, na magazeti yakaandika kana kwamba heshima ya kaumu nzima imo mabegani mwake. Gavana wa California alilikataza pambano lisifanyike katika jimbo lake, likahamishiwa Reno, mji mdogo wa Nevada, ambako mwandalizi Tex Rickard, aliyeahidi zawadi ya dola 101,000 na kuwa refa yeye mwenyewe, alijenga uwanja wa mbao kwa ajili ya siku ile moja. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 4 Julai 1910, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na jua lilikuwa kali. Pembeni mwa Jeffries alisimama Corbett, yule yule aliyewahi kupigana na Jackson raundi 61, naye kazi aliyopewa ilikuwa kumtukana Johnson kwa rangi yake ili apandwe na hasira. Johnson alimsikiliza, akampiga Jeffries, akamgeukia Corbett kumwuliza kama ana jingine la kusema. Wenye kuuona mchezo kuwa ni elimu ya kuitawala nafsi wangalipata siku ile darasa ambalo halijapata kutolewa bora kuliko hilo. Lakini halaiki iliyohudhuria iliona takaburi tu. Pambano lilipangiwa raundi 45. Katika ya kumi na tano Jeffries, ambaye maishani mwake mwote alikuwa hajaangushwa, aliangushwa mara tatu, na watu wake wakaingia ulingoni kumwokoa.

Habari zilikuwa zikipelekwa kwa simu za waya raundi kwa raundi, na katika miji mingi umati ulikuwa umekusanyika nje ya ofisi za magazeti kuzisubiri. Jioni ile ghasia zilizuka New York, Pittsburgh, New Orleans na miji mingine chungu nzima. Weusi walivutwa kutoka ndani ya tramu wakapigwa, na mjini Houston mmoja alikatwa koo kwa kuwa alishangilia. Idadi ya waliouawa hutajwa kwa namna mbalimbali, lakini ilipita kumi, na wengi wao walikuwa weusi. Siku mbili baadaye gazeti moja la Los Angeles lilimwandikia mtu mweusi usia wa kumwonya asiinue pua yake juu wala asitunishe kifua, kwani yeye ni yule yule wa juma lililopita. Nalitaja hilo kwa kuwa halikuandikwa na wahuni wa njiani, bali na wahariri waliokaa mezani na kalamu zao, wenye nafasi ya kutafakari.

Kilichofuata ni sheria. Miji na majimbo mengi yalipiga marufuku filamu ya pambano la Reno isionyeshwe, na mwaka 1912 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kukataza filamu za masumbwi zisisafirishwe kutoka jimbo hadi jimbo. Uingereza haikubaki nyuma: mwaka 1911 pambano la Johnson na Billy Wells lililokuwa lifanyike London lilizuiwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, Winston Churchill, yule aliyeshuka Mombasa miaka minne kabla na kupanda reli ya Uganda.

Johnson mwenyewe hakuwa malaika, na insafu yataka isemwe. Alipokwisha kuwa bingwa aliwapa mgongo mabondia weusi wakubwa wa zama zake, akina Sam Langford, akiwafanyia yale yale aliyofanyiwa yeye. Lakini alichohukumiwa si hicho. Mwaka 1913 wazee wa baraza wa mahakama ya Chicago, wote weupe, walimtia hatiani kwa sheria iliyotungwa kupambana na biashara ya wanawake, kwa sababu alisafiri na mwanamke mweupe aliyekuwa mpenzi wake. Akapewa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, akakimbilia Ufaransa, akaupoteza ubingwa Havana tarehe 5 Aprili 1915 katika raundi ya 26 mbele ya Jess Willard, na mwaka 1920 akarudi kujisalimisha gerezani.

Miaka 22 ilipita kabla ya mtu mweusi mwingine kuruhusiwa kuugombea ubingwa ule. Joe Louis alipouchukua mwaka 1937, mameneja wake, nao weusi, walikuwa wamekwisha kumfunza masharti: asipigwe picha na mwanamke mweupe, wala asifurahi juu ya mweupe aliyemwangusha. Uso wa Louis usiobadilika ulisifiwa na magazeti kuwa ndiyo adabu ya mchezo, na wachache walijali kuuliza adabu hiyo ilinunuliwa kwa bei gani na nani. Alipotokea Muhammad Ali, aliyejifunza tambo kwa mwanamieleka mweupe Gorgeous George, alijiona katika Johnson. Hata Bundini Brown, aliyekuwa pembeni mwake, alizoea kumpigia kelele kwamba mzuka wa Jack Johnson umo nyumbani. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Ali aliegemea kamba akamsemesha George Foreman kama Johnson alivyomsemesha Burns, na uwanja mzima, kwa Kilingala, ukawa upande wa yule aliyekuwa akisema.

Sheria ya filamu ilifutwa mwaka 1940. Johnson alifariki kwa ajali ya gari tarehe 10 Juni 1946, na msamaha wa serikali ulimfikia tarehe 24 Mei 2018, akiwa kaburini karibu miaka 72. Jeffries, aliyezipokea zile ngumi, alikuwa amekwisha kukiri zamani kwamba hata katika ubora wa ujana wake asingalimweza mtu yule. Filamu ya Reno, tangu mwaka 2005, imewekwa na Maktaba ya Bunge la Marekani katika daftari la filamu za taifa zinazohifadhiwa. Haina sauti. Johnson anaonekana akimkumbatia Jeffries, akigeuza kichwa kuwaelekea watu walio chini ya ulingo, midomo ikicheza.